Mkurugenzi Maeng

Meneja Pyo Sang-gil aliisoma slaidi ya tano kwa sauti ile ile anayosomea bei za masinki. "Ni marufuku kumtumikisha mfanyakazi kazi za nyumbani kwa mkubwa wake, kama vile kufua, kulea watoto au kupika." Akabonyeza kitufe, ikaja ya sita, akaisoma nayo bila kupepesa macho.

Slaidi hizo zilikuwa kazi ya Tak Yeon-ok, karani wa mauzo. Alizitengeneza Jumapili, nyumbani kwake, binti yake akimlilia wakaogelee, kwa sababu Meneja alimpigia simu asubuhi kumwambia kwamba semina ya kila mwaka ya kuzuia unyanyasaji kazini ni kesho na yeye hana nafasi. Kwa hiyo Yeon-ok aliketi akaandika kwamba si haki kumsumbua mfanyakazi siku ya mapumziko, akaweka na picha ya simu iliyopigwa msalaba mwekundu. Picha ilitoka vizuri, wenzake wakamsifu.

"Kuna swali?" Meneja aliuliza. Wafanyakazi tisa wa duka lile la vyoo na vigae, pale mjini Cheongju, wakatazama viatu vyao. "Safi. Basi sote tumefuzu. Sasa tangazo. Jumamosi ni kimchi kwa mama yangu, kuchachusha kwa chumvi na pilipili kama kila mwaka. Kabichi mia mbili zimeshafika. Mje na glavu zenu, mwaka jana kuna mtu alizipasua za mama."

Gu Jae-man wa mauzo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Jae-man alikuwa mtu wa namna hiyo: Meneja akipiga chafya, yeye anatoa leso mbili, moja ya akiba.

Hapo ndipo Yeon-ok alipofanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwa miaka mitatu ya kazi. Alinyoosha mkono. "Meneja, Jumamosi binti yangu anapiga ngoma shuleni. Naomba nisije."

Meneja Pyo alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa asiyejua kuwa ni mgonjwa. "Dada Yeon-ok, sisi hapa ni familia. Mkataba wako unaisha Desemba, au nimekosea? Mkurugenzi Maeng ananiuliza kila mara: nani ana moyo wa familia, nani hana? Mimi nimjibu nini?"

Mkurugenzi Maeng Gil-nam hakuna aliyewahi kumwona. Jina lake lilikuwa kwenye leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani, na iliaminika alikuwa tajiri wa Seoul mwenye roho ngumu. Meneja alimtaja kila palipokuwa na jambo zito. Mkurugenzi Maeng hapendi uvivu. Mkurugenzi Maeng amekataa nyongeza. Jae-man aliapa kwamba anacheza gofu na mawaziri.

"Mwambie nina mtoto," Yeon-ok alisema, kisha akaogopa maneno yake mwenyewe.

*

Jumamosi binti yake, Seul, alipiga ngoma vizuri, ila alipitwa na mapigo mawili kwa sababu alikuwa anampungia mama yake mkono. Jumatatu Yeon-ok alifika kazini akakuta meza yake haipo.

Ilikuwa stoo. Waliiweka katikati ya vyoo vya maonyesho, kumi na kitu, vyeupe pe, vikimtazama kwa midomo wazi. Simu ya kazi haikuwepo. Kwenye kiti kulikuwa na kitambaa na chupa ya sabuni. "Ni kwa muda tu," Meneja alisema mlangoni. "Wewe si unapenda kupumzika? Huku pametulia. Utavipangusa hivi, na ukimaliza, utavipangusa tena."

Saa sita ofisi nzima ilitoka kwenda kula, kama kawaida, wote pamoja. Jae-man alirudi nyuma hatua chache, akachungulia stoo. "Dada, uniwie radhi. Tumeambiwa tusile na wewe."

"Nani kawaambia?"

"Hakuna aliyesema. Ila tumeambiwa." Akasita. "Leo wana supu ya mkia."

"Jae-man, umekuja kunipa pole au kunitamanisha?"

"Vyote viwili, dada," alisema kwa unyonge, akakimbia asije akaachwa.

Siku ya pili akaondolewa kwenye kundi la simu la ofisi. Siku ya tatu mteja mmoja aliingia stoo kwa bahati mbaya, akamkuta ameketi juu ya choo cha bei ghali anakula wali wake wa baridi, akamuuliza kama kiti hicho hujipasha joto chenyewe. Yeon-ok alimweleza kila kitu, joto, mnyunyizo wa maji na dhamana, mteja akanunua viwili. Mauzo hayo yaliandikwa kwa jina la Jae-man. Yeon-ok alilia siku hiyo kwa mara ya kwanza, huku anapangusa, na machozi yakidondoka naye akiyapangusa pia, kwa kuwa sabuni ilikuwa hapo hapo.

*

"Vumilia, mama Seul," alisema mumewe, Bang Dal-su, akikoroga tambi jikoni. Alikuwa amefungwa mkanda mpana kiunoni. Kubeba mizigo ya watu kwenye ngazi kulimmaliza mgongo tangu kiangazi, na sasa nyumba nzima ilisimama juu ya mshahara wa mkewe. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kuinama ndiko kulikokuvunja mgongo wewe."

Dal-su akaongeza yai kwenye tambi. "Nasema tu, Desemba ni mwezi ujao. Ukipata kazi ya kudumu, tutamtukana pamoja. Mimi nitaandika matusi kabisa, wewe utasoma."

"Mama," Seul aliuliza kutoka mezani, "ni kweli ofisi yako iko chooni?"

"Nani kakwambia?"

"Baba alikuwa anamwambia bibi kwenye simu."

Yeon-ok alimtazama mumewe. Mumewe aliitazama sufuria. Mtoto alikuwa anasubiri, kijiko mkononi, na uso wake haukuwa na dhihaka yoyote. Alitaka kujua tu, ili kesho akiulizwa shuleni asije akasema uongo. Meneja angeweza kumweka stoo mpaka vyoo vile viote mizizi, angevumilia. Ila swali la mtoto hakuweza kulimeza, na tambi zile hakuzila.

*

Kesho yake Yeon-ok alikwenda kulalamika kwa serikali. Afisa wa kazi alikuwa kijana mwenye mafua, sanduku la leso mbele yake. Alimsikiliza Yeon-ok mpaka mwisho. Aliposikia habari za semina aliacha kupenga.

"Subiri. Slaidi uliandika wewe?"

"Ndiyo."

"Jumapili?"

"Ndiyo."

"Na ilikuwemo ya kutosumbuliwa siku za mapumziko?"

"Ya sita."

Afisa alitazama dari kidogo, apate kujizuia. Kisha akaeleza. Sheria inamtaka mwajiri mwenyewe achunguze kwanza, bila kuchelewa, awahoji wote, na ole wake akimwadhibu aliyelalamika. Asipochunguza, faini ni yake yeye, si ya meneja. "Mwajiri kwenye usajili ni nani?"

"Mkurugenzi Maeng Gil-nam. Lakini huyo ni mtu wa Seoul, bwana afisa. Hatumjui."

"Hata akiwa mtu wa mwezini, nitampata." Akapiga chafya. "Nampelekea taarifa leo, na kesho nitampigia mwenyewe."

Dal-su alipopata habari hizo alikaa chini taratibu, kwa ajili ya mgongo na kwa ajili ya habari yenyewe. "Umemshtaki paka kwa chui," alisema. "Huyo Maeng atatutafuna kama dagaa."

Siku mbili baadaye simu ya Yeon-ok ililia. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, kavu, ya mtu anayepiga kelele kwa sababu haamini kwamba simu inafika mbali. "Wewe ndiye Tak? Nyumbani kwa Maeng huku. Kesho saa nne uje. Usichelewe, nina kazi." Akataja mtaa, akakata.

"Mama yake huyo," alisema Dal-su. "Au mtumishi. Matajiri wana watumishi wakali." Akamwambia mkewe waende pamoja. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo walinunua kasha la peari kubwa, zile zinazofungwa moja moja kama mayai, na bei yake Yeon-ok aliomba asiambiwe. Dal-su alivaa suti yake ya harusi juu ya mkanda wa kiunoni, vifungo vikagoma, akaiacha wazi.

*

Teksi iliposimama, Yeon-ok hakushuka. Lango lile alilijua. Uani alijua lilipo bomba, yalipo mabeseni mekundu, na jiwe la kukalia lenye ncha inayochoma. Miaka mitatu, kila Novemba, alikuwa ameosha kabichi pale mpaka vidole vikafa ganzi.

"Tumepotea," alisema. "Hapa ni kwa mama yake Meneja."

"Basi ni mtego," Dal-su alisema, akalikumbatia kasha la peari kifuani. "Dereva, usizime injini."

Mlango ukafunguliwa. Akatoka bibi mfupi mwenye nywele za mawimbi na fulana ya zambarau, yule yule aliyekuwa akiwapa supu wakati wa kimchi. "Kumbe Tak ni wewe," alisema. "Yule mpole wa kuchambua majani. Mbona mmekaa garini? Ingieni, baridi."

"Bibi, shikamoo. Sisi tumeambiwa tuje kumwona Mkurugenzi Maeng."

"Vua viatu basi umwone. Ndiye mimi."

Yeon-ok alisimama na kiatu kimoja mkononi. Miaka mitatu alimwita bibi huyu bibi, na wengine walimwita bibi, na Meneja alimwita mama. Nani atamuuliza mwanamke wa miaka themanini jina lake? Ni utovu wa adabu. Kwamba jina la ukoo la mtoto ni la baba, na mama hubaki na la kwao, hilo kila mtu alilijua, hata Seul alilijua, lakini hakuna aliyewahi kulitia akilini mbele ya beseni la kabichi.

"Maeng Gil-nam ni jina la mwanamume," Dal-su aliropoka.

"Baba yangu alitaka mwanamume," bibi alisema. "Akatangulia kunipa jina, mimi nikatokea hivi. Leteni hizo peari, mnaziminya."

*

Ndani, Meneja Pyo Sang-gil alikuwa amepiga magoti pembeni ya sebule, soksi zake zikionekana nyuma. Jae-man naye alikuwepo, ameitwa kuwa shahidi, ametoa jasho mpaka kola imelowa.

"Mama," Meneja alisema, "haya ni mambo ya ofisi. Huwezi kuyaelewa."

"Ulipofilisika duka la kwanza, benki ikakukimbia, ukaja na karatasi ukaniambia, mama, gonga muhuri hapa, uwe mkurugenzi kwa jina tu. Siku ile nilielewa?" Bibi alikaa kwenye zulia, akamvuta kwake beseni la kitunguu saumu na kuanza kumenya. "Juzi kijana mwenye mafua alinipigia. Ana adabu sana. Ameniambia nisipochunguza, faini nalipa mimi. Mimi, ambaye sijui hata choo kinauzwaje."

"Nitailipa mimi, mama."

"Nyamaza, hujahojiwa. Kijana amesema kila mtu ahojiwe peke yake, lakini nyumba yangu ina sebule moja. Nyinyi wengine zibeni masikio." Wote wakaziba, na wote wakasikia. "Wewe, mwenye kola. Hapa kwangu ulikuwa unakuja kwa hiari?"

"Kwa hiari kabisa, bibi," Jae-man alisema haraka.

"Ulipenda?"

"Sana. Nilikuwa nahesabu siku."

"Vizuri. Zimebaki kabichi sitini, mwaka huu mmezifanya mbio mbio. Meneja wako hatakuwepo. Njoo kesho, peke yako."

Jae-man alifungua mdomo. Alimtazama Meneja, Meneja akatazama zulia. "Kesho," alisema, "kesho nina mgongo."

"Mgongo unao leo pia."

"Unaanza kesho, bibi." Kisha kitu kikamkatika. Aliinamisha paji la uso mpaka likagusa sakafu. "Mkurugenzi, nisamehe. Naichukia kimchi. Nyumbani kwangu nikisikia harufu yake mwezi wa Novemba natetemeka. Na vile vyoo viwili aliviuza dada Yeon-ok, si mimi."

Bibi Maeng aliendelea kumenya kitunguu kimoja mpaka kikaisha. Kisha akamgeukia mwanawe. "Uliniambia wanakupenda. Uliniambia, mama, kila mwaka nawazuia lakini wanang'ang'ania, wanasema wewe ni kama mama yao."

"Kwa namna fulani, mama, sisi ni kama fam..."

"Maliza hilo neno uone."

Meneja hakulimaliza. Masikio yake yalikuwa yamewiva mekundu. Dal-su, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, aliona ni zamu yake. "Mkurugenzi, mke wangu wamemweka stoo katikati ya vyoo. Mtoto wetu anauliza kama mama yake anafanya kazi chooni." Alikuwa amepanga maneno makali tangu usiku, na haya ndiyo pekee yaliyotoka. Yeon-ok alimshika mkono.

"Ni kweli, Sang-gil?"

"Ilikuwa ya muda, mama."

"Kwa nini?"

"Hakuja Jumamosi."

"Alikuwa wapi?"

"Mtoto wake alikuwa anapiga ngoma," Meneja alisema, na alipolisema hivyo, kwa mdomo wake, mbele ya mama yake, hata yeye aliona jinsi lilivyo dogo na jinsi yeye alivyo mkubwa. Akaanza kulia, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, akijifuta kwa tai.

Mama hakumbembeleza. Alikuwa ameshaulizia kila kitu kwa kijana wa mafua, na sasa akahukumu kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi. Meza ya Tak irudi mahali pake leo, na aibebe Sang-gil mwenyewe. Amuombe radhi mbele ya wote. Mauzo yasahihishwe. Jumamosi zote za kabichi zilipwe kama saa za ziada, wafanyakazi wote, na zikatwe kwenye mshahara wa Meneja, naye akae nyumbani wiki tatu bila malipo. Semina ya mwakani aje kufundisha mgeni. Kimchi, kila mtu kwa mama yake.

"Na mkataba?" Dal-su aliuliza. Alikuwa amepata ujasiri kama mtu aliyeokota pochi.

"Mkataba una muhuri wa nani?"

"Wa Mkurugenzi."

"Basi mbona unamuuliza mwingine? Uletwe kwangu. Nitauliza anavyouza, sitauliza anavyoosha kabichi. Kama anauza vyoo akiwa ameketi juu yake anakula, akisimama atauza nini?"

*

Meneja na Jae-man walitangulia kutoka. Dal-su alikuwa uani anahangaika na viatu vyake, kwa kuwa mkanda haukumruhusu kuinama. Yeon-ok alikuwa kizingitini aliposikia anaitwa.

Bibi Maeng alikuwa bado zuliani. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya kumpelekea afisa, na kalamu. Vitunguu vilikuwa vimekwisha na mikono yake haikuwa na kazi.

"Tak. Nimewauliza wengine wote, wewe sijakuuliza. Miaka mitatu umekuja hapa. Ulikuwa unacheka. Ulinisugua mabega mwaka ule nilipougua. Hata siku moja hukuja kwa kupenda?"

Yeon-ok aliona mlango uko wazi nyuma yake. Uongo mdogo ungetosha, na ungekuwa wa heshima. Bibi huyu alikuwa amempa kila kitu alichokuja kukitafuta na zaidi.

"Unaniuliza kama mkurugenzi," alisema, "au kama bibi?"

Mzee alifikiri. Alichukua muda mrefu kidogo kuliko alivyochukua kuhukumu. "Kama mkurugenzi."

"Basi hapana. Hata siku moja."

Bibi Maeng aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole. "Na ningekuuliza kama bibi?"

"Bibi ningemwambia kwamba niliposugua mabega yale, hakuna aliyekuwa amenituma."

Mzee aliivuta karatasi, akasogeza kalamu ikawa mbele ya Yeon-ok, kwa kuwa macho yake hayakuwa yakiona vizuri wakati ule.

"Andika lile la kwanza," alisema. "Hili la pili serikali haihusiki nalo."